Jirani Aliyefuga Tumbili wa Wazungu

Ukuta uliogawa lupango yetu, yaani kiwanja chetu, na lupango ya jirani ulikuwa wa matofali ya udongo, na ulifika kifuani tu. Kwa hiyo katika miaka niliyoishi Manika, mtaa wa Kolwezi, nilimjua mtu huyu kuanzia kifuani kwenda juu: kichwa kilichoota mvi mapema, miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi, kola safi. Yaliyofanyika chini ya ukuta sikuyaona, na nadhani hapo ndipo mashaka yangu yalipoanzia.

Tulimwita Tata Laborantin, kwa sababu ndiyo kazi yake hospitalini. Alikaa kwenye chumba kidogo mwisho wa baraza, akitazama damu na choo cha watu kwa hadubini, na kusema nani ana malaria na nani ana minyoo. Jina alilopewa na wazazi alikuwa nalo, na lile jipya alilochukua serikali ilipotuamuru tuache majina ya Kizungu alikuwa nalo pia, lakini sikumsikia mtu akitumia lolote kati ya hayo. Hata mkewe alimwita Laborantin, na alipokasirika alilitamka polepole, silabi moja moja.

Nyuma ya nyumba yake, chini ya mvokado, kulikuwa na vizimba. Alivijenga mwenyewe kwa mbao za makasha na waya uliotupwa na watu wa mgodi. Humo waliishi tumbili wenye manyoya ya rangi ya majivu yaliyochanganyika na majani makavu, na mstari mweupe juu ya macho kama mtu aliyejifunga kitambaa. Madume yao yana mapumbu ya buluu, buluu ya wino wa shule, jambo lililowafanya wanawake wageuze uso na watoto wapande ukuta. Waliletwa na wategaji wa vijiji vya upande wa Nzilo, pale bwawa la umeme lilipouzuia mto Lualaba na msitu ukabaki umekumbatia kingo. Walikaa kwake majuma kadhaa. Aliwachoma sindano kwenye ukope, kipimo cha kifua kikuu kama nilivyoelewa baadaye, akangoja, akawatazama. Kisha gari jeupe la mzungu mmoja wa Lubumbashi lilifika, makasha yakapakiwa, na vizimba vikabaki wazi mpaka wengine waletwe. Waliokwenda, hakuna aliyerudi.

"Banaendaka wapi?" nilimuuliza mkewe siku moja sokoni. Alikuwa akikaanga mikate ya kuuza, ile ya mviringo, na mafuta yalikuwa yanaruka.

"Bulaya."

"Kufanya nini?"

"Umuulize mwenyewe, Mama Ntumba. Mi niliolewa na mutu. Bankima ilikuya nyuma."

Nkima ndilo jina letu la tumbili. Hakuna aliyemuuliza. Tuliona ni rahisi zaidi kujijibu wenyewe.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa akiishi nasi, alijibu wa kwanza. Yeye alikuwa amekuja kutoka Kasai akiwa msichana, nyuma ya mume aliyeandikwa kazi mgodini, na alikuwa ameyabeba masimulizi ya kambi zote alizopitia. Alisema jirani ni mmoja wa batumbula, wale waliosemwa tangu wakati wa Wabelgiji kwamba huteka watu na kuwapelekea wazungu wawanenepeshe. "Zamani balikuwa banageuza mutu kuwa nguruwe," alisema, akichambua sombe, majani ya muhogo. "Sasa banamugeuza kuwa nkima. Njo maendeleo." Fundi viatu wa kona alisema si hivyo, Laborantin ni jasusi, na tumbili ni kisingizio cha lile gari jeupe kuja mara kwa mara. Shemasi wa kanisa letu alisema wazungu wanakula ubongo. Mume wangu, aliyeendesha mtambo mgodini na hakupenda maneno mengi, alisema tu kwamba mtu anayewapa wanyama ndizi mbivu wakati watoto wa watu wanakunywa uji mtupu ana jambo.

Na kwa kweli mwenyewe hakutusaidia. Hakula nyumbani kwa mtu. Hakumpa mtu mkono. Alikunja ngumi na kukunyooshea kifundo cha mkono, kama aliyetoka kutengeneza baiskeli. Siku za salongo, tulipotolewa wote kufagia mitaro, alikuja na mipira ya mikono ya hospitalini na kuokota uchafu kwa ncha za vidole, huku mtaa mzima ukimcheka. Ukimwuliza swali dogo alikurudishia lingine. "Habari ya asubuhi, Tata?" "Nani amekuambia ni mbaya?" Kufuli ya vizimba aliivuta mara ya pili baada ya kuifunga, akaondoka, akarudi kuivuta tena.

Na watu alisema nao Kiswahili, na tumbili alisema nao Kifaransa. Nilimsikia kila asubuhi nikiosha vyombo. "Doucement, madame. Montrez la main." Taratibu, bibi, onyesha mkono. Nilijiuliza kwa nini aliwapa heshima ambayo sisi hakutupa. Nikamsikia pia akimkemea kijana mtegaji aliyesema, "Tata, makako yako hii hapa." Laborantin alimnyamazisha pale pale.

"Usitaje ile jina mu lupango yangu. Makako ni shiye. Njo jina bazungu balitupatia wakati tulikuwa tunabeba mizigo yao. Hawa beko bankima."

Mama mkwe alisikia hayo upande wetu wa ukuta. Akanitazama kana kwamba kesi imekwisha. "Umesikia? Anasema mwenyewe. Makako ni shiye, sisi bantu."

Laborantin alikuwa na misemo yake, na misemo yenyewe ilitia watu wasiwasi. Mtu akilalamika homa alisema, "Homa ni mulango tu, tazama nani ameingia." Mtu akisifia mtoto kwamba ana afya alisema, "Bado hatujapima." Lakini ule niliousikia mara nyingi zaidi ni huu: "Mnyama mugonjwa anajificha. Mutu mugonjwa, bandugu banamuficha." Alisema hivyo kwa sababu watu walimletea choo cha baba zao na kusema ni cha kwao wenyewe, wakiogopa kutaja nani anaumwa.

Basi mwaka ule Ntumba wangu alipokuwa anaanza kusimama kwa kushika viti, wakatangaza chanjo ya kuzuia kupooza. Mtaani kwetu kulikuwa na vijana waliotembea kwa magongo ya mti, na mmoja aliyetambaa kwa viganja akivaa kandambili mikononi, kwa hiyo wanawake walifika kwa wingi. Hospitali ilikuwa na upungufu wa watu, na mezani, na chupa ya matone mkononi, alikuwa ameketi jirani yangu.

Foleni ilisogea polepole. Nilipomfikia nilikuwa nimemkumbatia Ntumba mpaka akaanza kulia. Sijui nini kilinisukuma. Labda kwa sababu mara hii ukuta haukuwapo katikati yetu.

"Tata Laborantin," nilisema, "hii dawa inatoka kwa nkima yako?"

Wanawake nyuma yangu walisogea kusikiliza. Muuguzi aliyekaa karibu naye alimkanyaga mguu chini ya meza; niliona jinsi alivyoshtuka. Angeweza kusema hapana. Angeweza kunirudishia swali, kama kawaida yake. Alivua miwani, akaifuta.

"Si nkima yangu moja kwa moja," alisema. "Lakini yenye kufanana nayo, ndiyo. Ile mududu ya kupooza haikomaye mu chupa bule. Inahitaji nyama hai. Bazungu banakamata figo ya nkima, banaikata bidogo-bidogo, banaiweka mu maji yake, na mule njo banakomaza mududu. Kisha banaichosha nguvu, njo inakuwa vaksini. Nkima yenye inaenda Bulaya, inaenda kwa hiyo."

"Anakufa?"

"Utatoa mutu figo zake zote mbili, abaki?"

Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alijifunga kitenge upya, akamweka mtoto mgongoni, akaondoka. Mwingine akamfuata. Muuguzi alisema, "Tata, unafukuza bantu," na yeye akajibu bila kugeuka, "Ameuliza."

Nilisimama pale na mtoto wangu. Miaka yote tulikuwa tumetunga majibu, na hakuna hata moja lililokuwa baya kama hili la kweli: figo ya mnyama, ndani ya mdomo wa mwanangu. Lakini nilikuwa nimemwona pia yule kijana wa kandambili asubuhi hiyo, akivuka barabara kati ya malori ya mgodi. Nikamfungua Ntumba mdomo kwa vidole vyangu mwenyewe. Laborantin akadondosha.

"Analia sana," alisema. "Mapafu yake iko muzuri."

Ndilo neno pekee la upole nililowahi kulisikia kutoka kwake kuelekea mtoto wa mtu.

Kwa miezi iliyofuata mama mkwe, akimwogesha Ntumba, alikuwa akipapasa mwisho wa uti wake wa mgongo kuona kama mkia unaota. Alifanya hivyo akiimba, nisigundue. Mkia haukuota. Ntumba alitembea, akakimbia, akavunja vioo vya watu kwa mpira. Lakini mtaani hadithi ilikuwa imekamilika: Laborantin mwenyewe amekiri. Mikate ya mkewe ilianza kulala sokoni. Alihamia upande mwingine wa soko, mahali wasipomjua, na baada ya muda wakamjua huko pia.

Mwenyewe hakuwaamini waliokuwa wakimtuma kazi, na hili halikuaminika mtaani. Nililijua kwa sababu ya ukuta. Siku moja gari jeupe lilipoondoka alibaki amesimama na kasha tupu mkononi, akaanza kuongea, nami sikujua kama ni kwangu au ni kwake mwenyewe.

"Banasema vaksini. Sawa. Lakini kwetu bitu inatoka tu. Nkima inaenda Bulaya, kinachorudi ni kasha. Ile chupa ya matone, balituletea mara ngapi? Hapo tena hakuna. Bankima wa Nzilo banalinda batoto ya Bulaya kwanza."

"Sasa juu ya nini unaendelea?" nilimuuliza.

"Juu nikiacha, atakuya mwingine mwenye atabachukua mama na mutoto wake mu mugongo. Mi mwenye kunyonyesha ninamurudisha Nzilo."

Sikujua kama niamini. Nilikuwa nimewaona wategaji wakiondoka na kasha lenye kitu ndani, lakini mtu anaweza kuondoka na kasha kwa sababu nyingi.

Kisha ikaja habari ya homa ya kaskazini. Redio ilisema kwamba kule mbali, mkoa wa Équateur, watu wanatoka damu na kufa, na masista wa hospitali pamoja nao. Ilikuwa mbali sana na Kolwezi, mbali kuliko Zambia, na tulisikiliza kama mtu anavyosikiliza vita ya wengine. Si muda mrefu baadaye, asubuhi moja, nilimkuta Laborantin amesimama katikati ya ua wake, hatembei. Ndani ya kizimba kimoja tumbili alikuwa amelala chali. Damu ilikuwa imetoka puani na kwenye fizi, na mwingine alikuwa ameketi kando yake akipangusa mdomo kwa nyuma ya mkono, akiutazama mkono wake.

"Mama Ntumba, rudi nyuma," alisema. "Usishike ukuta."

Waliokufa aliwachoma moto mchana kweupe, kwa mafuta ya taa, wazima akawaacha vizimbani, na moshi ukaingia nyumbani mwetu mote. Kisha akafunga lango kwa mnyororo kutoka ndani, yeye na mkewe humo. Watoto wao walikuwa wakubwa na walikuwa wanasoma Likasi. Hakwenda kazini. Mkewe hakwenda sokoni. Mtu aliyebisha hodi aliambiwa arudi alikotoka.

Unaweza kufikiri mtaa ulichukuliaje. Siku ya kwanza walisema amemuua mkewe. Mke alipoonekana akianua nguo, walisema amemfunga kwa dawa. Mwisho wa juma lile wanaume walikusanyika langoni, na katikati yao kijana wa chama aliyevaa beji ya kiongozi wetu wa taifa kifuani, na fundi viatu, na shemasi. Mtu mmoja alikuwa na dumu la mafuta. Mama mkwe alitoa kiti chake nje akakaa kama kwenye harusi.

Laborantin alitokeza kichwa juu ya ukuta wetu, mbali, kwenye pembe. Ndevu zilikuwa zimemwota. Kijana wa chama alimwita mwananchi, kwa Kifaransa cha chama: "Sitwayeni, fungua lango."

"Sifungui."

"Unaficha nini?"

Nikaona kwamba atakaa kimya mpaka wamchome, kwa kuwa swali liliulizwa kwa namna ya amri. Nikasogea, si karibu.

"Tata," nilisema, "bankima balikufa na nini?"

"Sijue," alisema. "Lakini munganga mumoja wa Kibelgiji alinielezaka hii: kule Bulaya, zamani kidogo, bantu balifungua bankima kama hawa, ya kutoka Afrika, juu ya kukamata figo. Bale bantu balipata homa, damu ikatoka fasi yote ya mwili, bengine bakakufa. Na wale bankima, kwa macho, balionekana bazima. Mi nimeshika hawa kwa mikono yangu. Kama niko nayo, bibi yangu eko nayo. Tukitoka, mutakuwa nayo. Njo sababu nimefunga. Mi siko naficha kitu. Niko naficha mi mwenyewe."

Wale waliokuwa mbele walirudi nyuma, na waliokuwa nyuma wakajikuta mbele. Mwenye dumu alisema basi ndiyo vizuri, tuchome sasa, yote iishe. Wengine waliitikia. Niliona mkewe amesimama mlangoni kwake na mwiko mkononi, ananitazama mimi, si wao.

Mume wangu alikuwa ametoka zamu, bado na kofia ya chuma. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuomba chumvi, "Mukichoma, vizimba itaungua. Vizimba ikiungua, bankima batatoka. Batakimbilia wapi?" Akaonyesha paa za nyumba, moja baada ya nyingine, mpaka akafika ya mwenye dumu. "Mi nalala. Mutaniamusha ikiisha."

Waliondoka mmoja mmoja, wakiogopana.

Tangu hapo nilikuwa naweka bukari, ule ugali wetu, na mboga juu ya ukuta, kwenye sufuria kuukuu, nikienda zangu ndani kabla hajaichukua. Sufuria hazikurudi, alisema niziache huko kwake. Siku nyingine nilimsikia mkewe akicheka, na siku nyingine akilia. Nilihesabu homa za nyumba yangu kwa kumgusa kila mtu paji la uso asubuhi, nikimshuku mtoto aliyechelewa kuamka. Majuma yakapita. Halafu lango likafunguliwa na wote wawili wakatoka, wamekonda, wazima.

Tulipaswa kufurahi. Mtaa ulikasirika, kama mtu aliyetishwa na kamba akidhani ni nyoka. Nami nilimwuliza ukutani, kama ilivyokuwa desturi yetu sasa, hospitali ilisema nini.

"Mukubwa alisema ninyamaze. Alisema nikiongea, gari nyeupe haitakuya tena." Alivuta kufuli, akairudia. "Halafu kuna kitu ingine, Mama Ntumba. Sumu ya panya, ile ya kuuzwa ku soko, inafanya vile vile. Inatoa damu mu pua, mu fizi. Mutu akitupa bukari yenye sumu mu kizimba, dalili ni moja. Mi siwezi kutofautisha. Hapa sina chombo ya kutofautisha."

Alisema hayo akitazama juu ya bega langu. Nyuma yangu, kwenye kivuli cha jiko, mama mkwe alikuwa amenipa mgongo na hakuacha kutwanga.

Sikumwuliza mama mkwe. Panya tulikuwa nao, na sumu ya panya tulinunua, kama kila nyumba. Alifariki bila kusema, na mimi niliyemfunga kitambaa kichwani kwa mara ya mwisho niliendelea kumshuku hata pale. Kwa hiyo sijui mpaka leo kama jirani yetu alijifungia kwa ajili ya ugonjwa ulioweza kutumaliza, au kwa ajili ya tonge la bukari lililorushwa na bibi kizee. Ninachojua ni kwamba alijifungia.

Vita ilipofika Kolwezi kila mtu alilala chini ya kitanda chake, na mzungu wa gari jeupe hakuonekana tena. Katikati ya milio, siku moja mchana, nilisikia kufuli zikifunguliwa upande wa pili, moja, nyingine, nyingine. Laborantin aliwatoa wote. Hawakurudi Nzilo. Walihamia kwenye mivokado ya Manika na kwa mwaka mzima waliiba mahindi yetu, vifaranga, na mara moja sabuni. Watu wakamlaumu kwa hilo kwa bidii mpya. Yeye aliendelea na hadubini yake, bila tumbili, na mkewe akarudi kuuza mikate, na watu wakala, kwa sababu baada ya vita njaa haichagui mpishi. Sisi tukahamia Likasi, mume wangu alipobadilishiwa kazi, na ukuta ule nikauacha.

Nilimwona mara ya mwisho kwenye stesheni ya Likasi. Ilikuwa miaka ile redio ilipokuwa inasema kila siku habari za sida, yaani UKIMWI, na ilipoanza kusema kwamba wataalamu wanadhani ugonjwa ulitoka kwa tumbili wa Afrika, na wengine wakataja hasa tumbili wa kijani, jina la Kizungu la hao hao wa Laborantin. Niliposikia hivyo nilimfikiria yeye kabla sijafikiria kitu kingine, na nilifikiri vibaya.

Treni ya kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi ilikuwa imeharibika. Abiria walishuka na kutandika vitenge chini ya paa. Nilikuwa nimekwenda kumpokea mpwa wangu. Mzee mmoja aliyeketi kwenye benchi, mwenye tai na viatu vilivyopakwa rangi, alinyanyua kichwa, na ilinichukua muda kumtambua kwa sababu sikuwa nimezoea miguu yake. Ilikuwa miembamba, na mmoja aliuweka pembeni kama mzigo.

"Mama Ntumba," alisema. "Ntumba anatembea?"

"Anatembea, Tata. Anacheza mpira shuleni."

"Muzuri."

Nilikaa. Mwili wangu ulikaa mbali kidogo kuliko nilivyoukusudia, naye aliona. Hakuwa amekonda kuliko mzee mwingine yeyote. Nilijikuta namtazama shingoni, na kwenye kona za mdomo, mahali watu walipokuwa wanasema utazame.

"Wewe pia unatafuta," alisema.

Akanieleza. Wageni walikuja Kolwezi, wazungu wawili na kijana wa chuo kikuu, wakauliza hospitalini nani alishika tumbili zamani. Walimkuta nyumbani. Walikuwa na adabu. Waliomba damu yake na ya mkewe, wakachora pia kwenye karatasi zao mahali vizimba vilipokuwa. Aliwauliza wanaitaka ya nini, wakasema ni utafiti. Aliwauliza watamletea jibu lini, wakasema karibuni. Walimfunga mpira mkononi, wakachukua, wakamshukuru.

"Nilikuwa najua vile banavyofunga," alisema. "Nilifanya vile ku bankima miaka yote. Unamushika muzuri, unasema naye pole pole, hata anaacha kutetemeka. Sikuwahi kufikiri kuwa naye alikuwa anauliza kitu."

"Balirudi?"

"Hapana. Tulingoja. Mama wa nyumba aliacha kukaanga mikate, alisema mikono yake haiko ya kuamini. Alikuwa analala anatazama ukuta. Mi nilikuwa nimeshaona bantu na ile ugonjwa mu chumba yangu, nilijua inavyoenda. Kila kikohozi yake nilikuwa nasikiliza kama ni yangu ndiyo ilimupa."

Mwishowe, alisema, alivaa tai, akapanda treni kwenda Lubumbashi, akaketi mlangoni pa maabara ya wale watu. Walimwambia arudi kesho. Akarudi. Walimwambia bwana mkubwa yuko safarini. Alikaa hapo hapo kwenye ngazi, na chakula chake kwenye kitambaa, mpaka wafanyakazi wakaanza kumsalimu kama mlinzi. Siku moja yule kijana wa chuo kikuu, kwa aibu, alimvuta ndani na kumwambia.

"Kusema nini?" niliuliza.

"Damu yangu haina kitu. Na ya mama haina kitu."

Nilisema Mungu asifiwe. Nilisogea kwenye benchi, nikamshika mkono mzima, na hakuukunja. Kule relini mafundi walikuwa wanagonga chuma, na mtu akapaza sauti kwamba kichwa cha treni kimepona, abiria wapande. Alisimama kwa shida, nami nikamshikia kifurushi.

"Sasa roho imetulia, Tata?"

Alivua miwani, akaifuta, kama siku ile ya chupa ya matone.

"Ile kijana hakutazama karatasi yoyote," alisema. "Alitazama viatu yangu, akasema. Mutu anaweza kusema vile juu ni kweli. Anaweza kusema vile juu amechoka kuona muzee ku ngazi."

"Basi hauamini?"

"Mi? Hapana." Akachukua kifurushi chake. "Lakini mama wa nyumba atataka kuamini. Kwa hiyo nikifika nyumbani, tutaamini."

Akapanda.